Safu ya Ushindi

Nilipewa kaunta buku kwa kuwa nasoma uhasibu
na kwa kuwa nilichelewa kikao, nikakosa wa kumsukumia.
Mwalimu Ndekirwa akachora safu mwenyewe, kwa rula ya mbao:
Tarehe. Mpinzani. Tulishinda. Tulishindwa. Maelezo.
"Tulishinda" akaipa upana wa vidole vinne.
Maelezo akayabana pembeni kama mpangaji wa uani.

Wiki ya kwanza, Arusha: sifuri kwa sitini na moja.
Maelezo: mvua.
Wiki ya pili, nyumbani: sifuri kwa arobaini na nane.
Maelezo: jua.

Raga hapa Moshi ni mchezo wa kuelezewa.
Bibi mmoja wa Njoro, mkungu wa ndizi kichwani,
alisimama akatazama skramu mpaka ikaporomoka,
akauliza, "Wanagombania nini?"
Nikamwonyesha mpira. Akauangalia ulivyochongoka.
"Yai la nani hilo?" Wala hakungoja jibu.
Watoto wa shule nyuma ya goli waliuliza kila Jumamosi
golikipa wetu atafika saa ngapi.
Kufikia mwezi wa nne hata mimi nilitamani aje.

Watani wetu wa Arusha wakasema mlima umeona haya, umejifunika.
Uongo. Wakati wa masika hauonekani hata na washindi.
Niliandika hilo kwenye Maelezo, kisha nikalifuta:
halikuwa hesabu.

Haya sikuyafuta:
Lembris, jino moja. Jezi namba nane, imechanika begani.
Tumsifu ameacha; mama yake kamtazama mgongo, kasema basi.
Tumebaki kumi na watatu. Tumeazima wawili timu ya wavu.
Wanarusha mpira mbele, refa anapuliza,
wanarusha tena.

Na mechi ya sita, dakika ya sabini, matope hadi magotini,
Mbazi, ambaye hajawahi kukimbia kwa hiari yake,
akajikuta ana mpira na mbele yake hakuna mtu.
Alitazama nyuma mara mbili
kama aliyerudishiwa chenji kubwa mno.
Akafika mstarini. Akauweka chini taratibu
kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia mezani.
Kimya.
Hakuna aliyejua sisi huwa tunashangiliaje.
Mbazi akainuka, akaufuta mpira kwa jezi,
akamkabidhi nahodha wao kwa mikono miwili:
"Samahani."

Tano kwa thelathini na tatu.
Usiku ule tulikula ndizi-nyama kama watu wa harusini.

Msidhani ulikuwa mwanzo wa jambo.
Ya saba tulipigwa sabini. Ya nane refa alituhurumia,
akamaliza mapema, akasingizia giza, saa kumi na nusu.
Ya tisa sikuiandika siku ile, mkono ulikataa.
Mwalimu akanisomea matokeo Jumatatu,
tarakimu mojamoja, kama anayesoma imla.
Kisha akainama juu ya daftari:
"Safu ya tatu mbona imejaa?"

Nikamwambia ukweli. Uhasibu haupendi nafasi tupu.
Tangu mechi ya pili nilikuwa naandika humo madeni ya chapati
kwa Mama Nakijwa wa getini, aliyetukopesha kila baada ya kipigo
akisema mtu aliyeshindwa hali kidogo.
Lembris, nne, na chai ya kunywea upande mmoja wa mdomo.
Mbazi, saba.
Wale wa wavu, mbilimbili, kwa aibu.
Mwalimu, moja; nusu yake kampa refa.

Mwalimu Ndekirwa akavaa miwani, akashusha kidole
kutoka juu hadi chini, midomo ikihesabu.
"Tulishinda," akasoma,
"shilingi elfu thelathini na nane, mia tano."
Akafungua pochi. Ilikuwa na elfu kumi.

Baki tukaihamishia ukurasa unaofuata,
kama kanuni inavyotaka.